Mguu Wako Usilale Juu ya Klachi

Paskali mwanangu,

"Ajali haina kinga, shemeji. Na klachi ni kama soli ya kiatu, imetengenezwa iishe. Gari ni la tajiri, mguu ni wa dereva. Mwache kijana akanyage."

Maneno hayo ni ya baba yako mdogo Faustini. Aliyasema leo mchana mbele ya watu wote waliokuja kukuaga, mdomo umejaa nyama ya mbuzi wangu. Watu wakacheka. Nawe ukacheka. Baba yako peke yake hakucheka. Alichukua gongo lake, akainuka kwa ule mguu mmoja, akaenda nyuma ya zizi. Ulimwona akiondoka? Mimi nilimwona, nikaumeza ugali wangu kama mtu anayemeza kokoto, kwa sababu mgeni hatukanwi huku unamlisha. Sasa wageni wameondoka. Sasa naweza kumpiga Faustini kwa kalamu, na nitampiga vizuri.

Methali hiyo ni ya wauaji. Nimesoma vitabu na magazeti mengi kuliko anavyodhani mtu yeyote hapa kijijini Daudi, nimebishana na mapadre, makatibu tarafa na wakaguzi wa shule, na bado sijakutana na sentensi ya woga kuliko hiyo. Tazama ni nani anayeisema. Aliyelala kaburini haisemi. Aliyekatwa mguu haisemi. Anaisema yule aliyeshika usukani, akiwa amesimama kwa miguu yake yote miwili, anapangusa vumbi kwenye suruali. Ajali ina kinga, Paskali. Mara nyingi kinga yenyewe ina upana wa unyayo wa mguu wa kushoto, basi.

Sitakuandikia habari za soksi wala chandarua, wala nani umwamkie. Shikamoo uliijua kabla hujatembea. Nakuandikia juu ya klachi, kwa sababu lori la yule mfanyabiashara wa Katesh aliyekuajiri limeegeshwa uani kwetu, limesheheni vitunguu saumu, na kesho asubuhi utaliondoa wewe, Faustini akiwa kando yako akupeleke kwa mwajiri wako. Mtateremka Mlima Dareda. Na kuanzia hapo utakuwa ukiupanda na kuushuka mlima huo na mahindi ya Getanuwas, na maharage ya Mogitu, na watu juu ya magunia. Klachi imeshaila familia hii mara moja. Sitaki irudi kumalizia.

Kutanisha viganja vyako. Kimoja ni injini, inazunguka bila kuomba ruhusa ya mtu. Kingine ni magurudumu na mzigo wake. Klachi ndipo vinapokutana. Ukivibana vikaenda pamoja, haviungui. Ukivitenganisha kabisa, haviungui. Lakini viache vigusane nusunusu, kimoja kikimbie na kingine kikatae, uone kama havichubuani ngozi. Klachi hufia hapo kwenye nusunusu. Huwezi kuikwepa, kila unapoondoa gari lazima uipite, lakini ipite kama unavyompita mbwa mkali njiani: usikurupuke, wala usisimame kupiga soga.

Mimi haya niliyajua jeshini, tulipokwenda kwa mujibu wa sheria, enzi zile wasichana tulipewa malori sawa na wavulana. Sajini wetu alikuwa na fimbo ya mpera. Kila ulipolaza mguu juu ya pedali bila kazi, fimbo ilitua gotini. "Mguu huo si paka!" alikuwa akinguruma. "Usilale hapo!" Nilijifunza klachi kweli. Nilijifunza pia kwamba mtu hufundishwa kwa kupigwa, na upumbavu huo nikakuletea wewe. Siku ile nikikufundisha kuendesha kule bondeni, ulipolaza mguu, nikakupiga goti kwa spana. Hukulia. Ulinitazama tu, ukauondoa mguu. Nikajipongeza. Nimechelewa kulielewa lile jicho. Ulikuwa umejifunza kuniogopa mimi, hukujifunza kitu kuhusu gari. Na anayemwogopa mtu hufanya vema mtu huyo akiwepo. Kesho sitakuwepo. Ndiyo maana nataka safari hii uelewe.

Ulikuwa mdogo ushirika ulipokufa. Malori yake yalibaki uani yakiota nyasi kwenye magurudumu, na waliokuwa wakiyatunza wakarudi kulima. Tukaambiwa soko sasa ni huria. Huria kwa nani? Nilisimama kwenye mkutano wa kijiji nikauliza hivyo hivyo. Nikasema: gunia limekuwa huru kuzidi uwezo wa ekseli, tajiri amekuwa huru kumweka nyuma ya usukani mtu yeyote mwenye miguu, na abiria amekuwa huru kufa. Wakanizomea. "Mama huyu bado anaota Azimio!" Nisingekuwa na nguo ya heshima siku ile ningerusha benchi. Na baada ya kelele zangu zote, nikafanya nini? Mimi, baba yako na Faustini tuliuza ng'ombe tukanunua lori letu, limechoka kwao likaletwa likachokee kwetu. Niliipinga biashara hiyo kwa mdomo, nikaiingia kwa miguu yote. Usimwamini sana mtu mwenye hasira nzuri, hata akiwa mama yako.

Ule mlima una tabia yake siku za mnada wa Katesh, na bila shaka umeisikia. Watu hungoja kwenye kona, pale penye mpando mkali, kwa kuwa gari hufika hapo limepungua mwendo. Dereva hasimami. Akisimama ataambiwa gari lake halina nguvu. Anakanyaga klachi nusu, anakanyaga mafuta, na lori linaning'inia pale pale kwenye mteremko, haliendi mbele wala halirudi nyuma, injini ikilia, watu wakipandisha vikapu na watoto na mbuzi. "Ning'iniza dereva, tupande!" Ndivyo wanavyoita. Na lori zima, na roho zote zilizomo, vinashikiliwa na pleti moja ya klachi inayoungua.

Mwanzoni nilikataa. Nilisimamisha gari, nikavuta breki ya mkono, nikatoa gia, nikaondoa mguu. Utingo akaweka gogo nyuma ya gurudumu. Watu wakapanda salama. Na matusi yakaanza.

"Mama, umeegesha? Tuwashe moto tupike chai?"

"Breki ya mkono ni ya wajawazito!"

"Mpe mumeo ashike, wewe ukanyonyeshe!"

Baba yako alicheka, akanambia niwaache. Sikuweza. Mimi niliyewajibu wakubwa wa wilaya sikuweza kumvumilia kijana mmoja aliyebeba kuku. Safari iliyofuata nikaning'iniza. Lori likasimama hewani kama mwewe, na wale wale wakapiga makofi. "Huyu mama ni dume!" Nikafurahi, Paskali. Pamoja na vitabu vyangu vyote, nilifurahi kuitwa dume. Tangu siku hiyo sikuigusa tena breki ya mkono, na waya wake ukala kutu kimyakimya huko chini, kama kitu chochote kinachodharauliwa.

Siku yenyewe ya ajali, asubuhi niliendesha mimi. Nilining'iniza kila walikoniita, na walikuwa wengi. Jioni tukirudi kutoka Katesh, Faustini akataka usukani ili wachumba aliokuwa akiwatafuta wamwone. Nikakaa katikati, utingo mlangoni. Baba yako alikuwa juu ya magunia na abiria. Mvua ilikuwa imenyesha. Hatujafika mbali na Mogitu nikasikia harufu. Ni harufu ya pembe ya ng'ombe iliyotiwa motoni. Ukiisikia hiyo kwenye gari, Paskali, usimuulize mtu ni nini. Simama. Ipe muda ipoe.

"Faustini, pumzisha gari," nikasema.

"Shemeji, hili ni lori au ni mama mzazi?"

Utingo akaangua kicheko. Nikafunga mdomo. Sijawahi kunyamaza mara nyingi maishani mwangu, na ule unyamavu mmoja nauchukia kuliko maneno yote niliyowahi kuropoka.

Kwenye ile kona kali alikuwa amesimama Bibi Agata, wa hapa hapa Daudi, aliyekuwa akiuza vitunguu saumu. Alikuwa na mizigo miwili na magoti mabovu. "Ning'iniza!" wakapiga kelele waliokuwa juu. Faustini akaning'iniza. Nilimsikia bibi nyuma akisema, "Ngojeni wanangu, nipandishe mguu." Injini ikanguruma, kisha sauti yake ikapanda ghafla, nyembamba, kama mnyama aliyechomwa. Ilikuwa inazunguka peke yake. Klachi ilikuwa imekwisha, magurudumu hayasikii tena, na lori likaanza kurudi nyuma polepole kama ng'ombe anayekataa josho.

Faustini akazidisha mafuta. Umeona? Mguu uliozoea kushikilia mlima kwa klachi haukumbuki breki. Alipoikumbuka, magurudumu yalijifunga yakateleza kwenye tope. Nikaidaka breki ya mkono kwa mikono miwili nikaivuta kwa nguvu zote. Waya ukakatika, nikabaki na kile chuma kimelegea mkononi kama mkia wa mjusi.

Baba yako aliruka kutoka juu na kuokota jiwe. Alilisukuma nyuma ya gurudumu, na gurudumu likalipanda jiwe, likaupanda na mguu wake. Nilisikia mfupa ukipasuka. Ni kama kuni kavu. Halafu nyuma ya lori ikajibamiza kwenye ukingo wa mlima, na Bibi Agata alikuwa katikati, bado ameshika bodi. Magunia yakamwagika na watu wakamwagika nayo. Nyuma yetu alikuwa anakuja mchungaji mmoja wa Getanuwas, jina lake Gidamisi, anaswaga ng'ombe wake. Gunia lilimvunja fahali wake mgongo, akawa analia pale barabarani kuliko watu.

Sikiliza kilichofuata, maana hii ndiyo sehemu ambayo Faustini haisimulii. Wale waliokuwa wakipiga kelele "ning'iniza!" sasa walipiga kelele "ueni dereva!" Midomo ni ile ile, wala hawakupumzika katikati. Walimburuta chini kwa nywele. Mtu mmoja alimpiga teke la mdomo, ndiyo maana hana meno ya mbele, si kwamba aliangukia ngazi kama anavyowaambia wanawe. Nikateremka na wili spana. Nikasimama juu yake, miguu yangu huku na huku, nikasema, "Atakayemgusa nampasua." Mmoja hakuamini. Nikamvunja mkono. Silijui jina lake mpaka leo na sijapata kumwomba radhi, na mkono ule ulikuwa haujaua mtu. Wangu ulikuwa umeshika usukani ule asubuhi nzima.

Aliyetuokoa ni Gidamisi. Alipita katikati yetu na fimbo yake ndefu, akampiga kijana mmoja bega, akanipiga na mimi, bila upendeleo.

"Watu wako chini ya gari," akasema. "Watoeni kwanza. Huyu mtampiga baadaye, hakimbii na mdomo huo."

Wakaona haya. Wakaanza kunyanyua magunia. Tulipomtoa Bibi Agata hakuwa na pumzi. Gidamisi akamfunika kwa shuka yake, akageuka akanitazama.

"Mama, mashine yenu haina mguu wa kusimamia? Hata punda anao."

Akaenda kumchinja fahali wake.

Msibani kila mtu alileta uongo wake. Mmoja alisema mlima una wenyewe. Mwingine akasema ni mapenzi ya Mungu, nami nikamjibu kwa ukali mpaka nikatolewa nje, kwamba Mungu hakuwa na leseni ya daraja la malori. Karatasi ya polisi ikaandikwa kwamba breki zilikataa, na Faustini akaikumbatia karatasi hiyo kama mtoto mchanga. Nikaenda pale lori lilipovutwa, nikalala chini yake na fundi, tukashusha gia boksi. Pleti ilikuwa nyeusi, imeng'aa kama kioo, na chuma kilichogusana nayo kimegeuka rangi ya samawati kwa moto. Nikarudi nayo hadi kwenye kikao cha ukoo, nikaibwaga mezani katikati ya vikombe. Nikasema, "Huyu hapa ndiye jini wa mlimani. Alilishwa na mguu wangu asubuhi na mguu wa Faustini jioni." Wazee wakanambia nisichafue ukoo. Baba yako alikuwa hospitali, anajifunza kulala bila mguu. Faustini akasema, "Ajali haina kinga." Ndiyo siku ya kwanza alipoisema. Leo kairudia, mbele yako, nawe ukacheka.

Sasa nikuambie nilichokipata kutoka kwenye moto huo, ukitumie usipoteze damu nyingine kukitafuta.

Ukisimama, simama kweli. Breki ya mkono juu, gia nje, mguu sakafuni mbali na pedali. Unapoondoka mlimani, achia klachi polepole mpaka uhisi lori linataka kwenda, ndipo ushushe breki ya mkono. Anza na gia ya kwanza. Kuanza na ya pili ni kujionyesha, na kila anayejionyesha kwenye lori analipiwa na pleti. Shusha gia kabla mlima haujakubana, usingoje mpaka gari linakoroma halafu ulisukume kwa nusu klachi. Ukishabadilisha, mguu uondoke. Si kupumzika juu yake. Mguu mzito hauhitaji kukanyaga ili uue, kukaa tu kunatosha, beringi inalia mpaka inakufa. Na siku pedali itakapoanza kushika juu sana au chini sana kuliko ulivyozoea, usijiambie utaangalia wiki ijayo.

Tope la Getanuwas utalichukia. Ni jeusi, linanata, linavuta lori kama linalidai. Madereva wa huko hukanyaga mafuta na kucheza na klachi, mbele nyuma mbele nyuma, mpaka moshi unatoka, kisha wanalaani wachawi. Wewe shuka. Chimba. Tandika matawi. Punguza mzigo hata kama wenye magunia wanakutukana matusi ya nguoni. Jembe halijawahi kuunguza klachi.

Mteremko usiushuke kwa gari frii, gia ikiwa nje, ili kubana mafuta, wala usikanyage klachi na kuliacha lijiendee. Shuka na gia ile ile ambayo ungepandia. Injini ishike mzigo. Ndiyo kazi yake, na kwa hilo haichoki.

Mwajiri wako atakuambia uharakishe, kwa sababu Babati imekuwa makao makuu ya mkoa mpya na kila mwenye gari anakimbilia huko kama nzi kwenye buyu la maziwa. Mwambie ndiyo mzee, halafu uendeshe nilivyokuambia. Akikufukuza, rudi nyumbani. Nitakupokea mlangoni nikuchinjie kondoo. Ila ukirudi na damu ya mtu kwenye bodi ya lori, na methali mdomoni, sijui nitakupokeaje. Nasema kweli, sijui, na ninaogopa kujua.

Usifikiri utakachopambana nacho ni mlima. Mlima hauna shida na mtu. Utapambana na kicheko. Kitakungoja kwenye kona, kimebeba kuku, kina sura za watu unaowafahamu, wengine uliosoma nao. Kitakuita mwanamke. Utaona aibu mpaka masikio yatawaka. Mimi kiliniangusha nikiwa na akili kuliko wewe na ulimi mkali kuliko wako, kwa hiyo usijidanganye kwamba wewe huna pa kushikwa. Vuta breki wakati masikio yanawaka. Nakuomba hilo tu kama mama. Yaliyobaki ni ufundi.

Barua hii sikuifunga. Naiweka juu ya dashibodi, muisome nyote wawili.

Faustini, umeishika sasa, na najua umekasirika. Kasirika. Kesho mtafika kwenye ile kona. Hujawahi kusimama pale tangu siku ile, unapita umegeuza uso kule bondeni. Mara hii simama. Shuka wewe, uweke gogo nyuma na mbele ya gurudumu kwa mikono yako, kisha umwambie mtoto wa kaka yako mguu wako wa kushoto ulikuwa wapi Bibi Agata alipokuwa akipanda. Useme kwa sauti, hata kama kuna abiria wanaosikia. Usitaje breki. Usitaje Mungu.

Nawe Paskali, vuta breki ya mkono, zima injini, ufunguo utie mfukoni. Usiuwashe moto wa lori hilo mpaka amesema. Akikaa kimya mpaka jua linazama, kaeni.

Mama yako,
Kijijini Daudi